Mfuko Niliouandika Namba Tisa

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa bafuni, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, natazamana na mifuko miwili ya taka. Najua wapo waliocheka. Na mimi ningekuwa msomaji tu ningecheka, tena ningemsomea na jirani.

Kwa aliyechelewa kuingia, kisa ni hiki. Mimi ni fundi cherehani. Mama mkwe wangu ana sukari, anachomwa sindano asubuhi na jioni, na kule tulikotoka kliniki ilikuwa mbali kiasi kwamba siku ya kwenda ilikuwa siku nzima imekwenda. Tukahamia mji huu. Tukapata fleti namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, na ukisimama dirishani unaliona lango la kliniki. Mama anavuka barabara moja tu, amefika. Miguu yake haiwezi zaidi ya hapo, na daktari ameshasema akikosa kliniki hata wiki moja mguu wa kushoto utakuwa mashakani.

Tatizo ni taka.

Katika jengo letu mpangaji mgeni anakaa miezi mitatu ya majaribio. Mifuko ya taka ya wapangaji wote inafunguliwa mezani pale uani, na ukikosea, msimamizi wa jengo anakubandikia stika nyekundu mlangoni. Wenyeji stika zao zinafutwa mwisho wa mwaka. Mgeni akifikisha tatu, anafungasha. Hakuna kubembeleza wala kulia, na wanaoisubiri hiyo fleti wamepanga foleni.

Mimi nilikuwa nazo mbili. Ya kwanza nilitoa taka mbichi, yaani maganda na makombo, siku ya taka kavu. Ya pili nilitumia mfuko mweusi, kumbe sheria inataka mfuko unaoonyesha ndani, umeandikwa namba ya nyumba kwa wino mzito. Stika ya pili ilinitia woga hasa. Jumatano iliyofuata sikutoa taka kavu hata kidogo. Nikazificha bafuni, mke wangu akawa anaoga amebana magoti.

Hapo nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Nyumba isipotoa taka kavu Jumatano mbili mfululizo, msimamizi anaandika kwamba mnatupa mtaroni, na hiyo nayo ni stika. Nikitoa nikakosea, nimekwisha. Nisipotoa, nimekwisha vilevile.

Ndiyo Jumatano ya pili ninayotaka kuwasimulia leo. Na leo sisimulii ili mcheke. Leo naungama.

Msije mkasema sikuuliza. Niliuliza tangu Jumamosi.

Chukueni pakiti ya maziwa. Nje karatasi, ndani inang'aa kama sufuria mpya, juu ina kizibo cha plastiki. Je, ni karatasi, ni bati, au ni plastiki? Mwenye duka la chini aliniambia ni karatasi, bila hata kuinua macho. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akasema hapana, hiyo inakwenda na zile taka za mwisho zisizorudi kiwandani. Msimamizi nilipomfuata alininyooshea kidole tangazo lililo ukutani, akasema kila kitu kimeandikwa pale na yeye si mwalimu wa chekechea.

Nikaenda kusoma tangazo. Limepigwa jua miaka na miaka. Maandishi yamebaki nusu, na picha iliyo chini ya neno "usiweke" inaweza kuwa kiatu, inaweza kuwa samaki. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Mtu pekee aliyenijibu kwa moyo ni mzoa taka mwenyewe. Hapa jengoni wanamwita Glavu, kwa sababu glavu zake za mpira huzifua kila siku na kuzianika kwenye mkono wa toroli kama nguo za mtoto. Glavu aliacha kazi yake akanieleza taratibu. Mfuko wa chai, kwa mfano, unaupasua, majani yanakwenda na taka mbichi, karatasi na uzi vinakwenda na za mwisho. Ukiona kapini kadogo, kang'oe.

"Pole pole utazoea, fundi," akaniambia. "Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilikuwa naota vizibo."

Nikarudi juu, nikakaa jikoni na mfuko mmoja wa chai mkononi, naupasua kwa mkasi wa kazini. Mama mkwe akanitazama muda mrefu. Akasema kule kwetu walikuwa wanatupa takataka, na takataka hazikuwahi kuwauliza maswali. Nikamwambia mama, huku ndiko tuliko. Akasema anaona, tena anaona mkwe wake msomi wa vitambaa ameshindwa na majani ya chai. Mke wangu akajifanya anakohoa.

Nawaambia ukweli, sijawahi kujiona mjinga kama wiki ile. Mimi ni mtu wa kupima na kukata. Ukiniletea kitambaa nakuambia kinatoa suruali ngapi kabla hujakikunjua. Halafu nashindwa na pakiti ya maziwa.

Jumatano ikafika. Mifuko inatakiwa iwe uani kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu mimi bado nilikuwa bafuni, nimezigawa taka za siku kumi na tatu mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilikuwa la vitu nilivyokuwa na uhakika navyo. Chupa nne za maji, zimeoshwa, na magazeti. Basi. Fungu dogo la aibu.

Fungu la pili lilikuwa la mashaka. Pakiti za maziwa, vifungashio vinavyong'aa, vizibo vya kila rangi, vikasha vya dawa za mama, kiatu kimoja cha plastiki. Na chupa moja nzito ya sabuni ya maji, nyeupe, usiyoweza kuona ndani.

Kuhusu hiyo chupa naomba mnisikilize vizuri.

Kule tulikotoka, nesi alitufundisha kwamba sindano zilizotumika hazitupwi ovyo. Unatafuta chupa nene, unazitia humo, unakaza kizibo mpaka mkono uume, halafu inafukiwa shimo refu. Tumefanya hivyo miaka sita na hakuna aliyechomwa. Tulipohamia hapa mama akaendelea, na sindano za wiki tano zilikuwa mle ndani. Hapa hakuna pa kuchimba shimo, yote ni saruji. Mke wangu aliwahi kusema tuulize kliniki, nikasema nitauliza. Sikuuliza, nilikuwa nimeshachoka kuuliza.

Nikaishika ile chupa, nikaitikisa, nikakijaribu kizibo. Kimekaza vizuri. Nikajiambia plastiki ni plastiki, na kilichomo hakuna atakayekiona. Swali lililonisumbua, amini usiamini, lilikuwa moja tu, kama chupa za sabuni zinawekwa pamoja na za maji.

Nikaitia kwenye fungu la mashaka.

Sasa nikiweka mafungu yote mawili mfuko mmoja, nikaandika kumi na nne, stika ya tatu naiona inakuja kwa miguu yake. Nikitoa lile dogo peke yake, lile kubwa linabaki bafuni, na Jumatano ijayo litakuwa limezaa. Nikaitazama saa. Saa moja kasoro dakika kumi na tano. Chini nilisikia msimamizi akikohoa na kuburuta meza.

Wazo likanijia, na sikulifukuza.

Nyumba namba tisa anaishi mama mmoja mkunga mstaafu. Yuko hapa miaka ishirini na miwili na hajawahi kupata stika hata moja. Msimamizi mwenyewe huwa anamtolea mfano, kwamba mifuko ya mkunga unaweza kuila. Nikapiga hesabu ya haraka, ile anayopiga mtu akiwa ameshikwa pabaya. Yeye akipata moja, haimwondoi. Itafutwa mwisho wa mwaka. Mimi nikipata moja, mama mkwe wangu atakaa wapi?

Kwenye mfuko mdogo nikaandika kumi na nne. Kwenye mkubwa nikaandika tisa, maana hapa nyumba moja inaweza kutoa mifuko hata miwili. Mkono haukutetemeka. Ningependa kuwaambia ulitetemeka, lakini nimesema leo naungama.

Nikaufunga ule mkubwa, nikashuka ngazi haraka, nikaiweka yote miwili katikati ya mingine wakati msimamizi amegeuka kuchonga penseli.

Wapangaji wachache husimama pale kushuhudia mifuko yao, hasa sisi wageni. Nikasimama. Glavu akaanza. Huwa anamwaga mfuko mezani, anatenganisha kwa mikono yote miwili, upesi upesi, na msimamizi anatia tiki kwenye daftari.

Ukafika kumi na nne. Glavu akazipanga chupa zangu nne kama sahani za wageni, akaniambia nimehitimu. Msimamizi akazitazama, akatafuta kosa, akakosa. Akatia tiki. Wiki tano nimeishi katika jengo lile na hiyo ndiyo ilikuwa tiki yangu ya kwanza. Macho yalinijaa maji, nikajidai vumbi.

Nilipaswa kuondoka wakati ule. Nikabaki.

Glavu akauvuta mfuko wa namba tisa, akausifu uzito wake. Akasema leo mama kasafisha stoo. Akamwaga. Kisha nikaona jambo ambalo hakuna aliyeniambia katika kuuliza kwangu kote. Kila chupa, Glavu anaifungua kizibo. Vizibo anatupia kwenye ndoo yake, chupa anaikung'uta, anaiminya ikae bapa, anaitupa guniani. Zile zangu nne nilizitoa bila vizibo, kwa hiyo sikuwa nimeona.

Akaishika chupa nyeupe. Kizibo kikagoma. Akaibana chupa kwenye kwapa, akakinyonga, kikagoma. Nilitaka kusema kitu. Nikawa nafikiria niseme nini bila kusema ni chupa yangu. Wakati nafikiria, kizibo kikaachia ghafla, sindano zikamwagika mezani, na Glavu kwa mazoea ya kazi akazidaka zisianguke.

Hakupiga kelele.  Akavua glavu ya kulia taratibu, akakitazama kidole chake cha kati. Kulikuwa na tone la damu, dogo tu.

Msimamizi akasoma namba kwenye mfuko, akapaza sauti kumwita mkunga.

Mama wa watu alishuka na sweta lake na kandambili, bado ana povu la dawa ya meno mdomoni. Hakuuliza nani kafanya nini. Alimshika Glavu mkono, akampeleka bombani, akafungulia maji na kumpaka sabuni, akamwambia asikikamue kidole, aache maji yapite tu. Akasema atampeleka kliniki sasa hivi, maana kama kuna kinga ya kupewa inatakiwa ianze leo leo, kesho ni kuchelewa.

Ndipo akaja mezani kuutazama mfuko wenye namba yake.

Sisi mafundi cherehani tuna tabia moja. Hatununui kamba. Kila kitu tunakifunga kwa upapi wa kitambaa, yale mabaki ya pindo. Ule mfuko nilikuwa nimeufunga kwa upapi wa kijani wa sare za shule ninazoshona, na mkunga alikuwa ameniletea gauni lake nilipunguze wiki iliyotangulia, akamkuta mama mkwe ameinua ule mguu juu ya kigoda. Nililirudisha limefungwa kwa upapi uleule.

Akauchukua, akauzungusha kidoleni. Akanitazama. Akaniambia nimsaidie kubeba kitu ngaziani, na mimi nikamfuata.

Pale chini ya ngazi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Ni za mama mkwe wako," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Una stika ngapi?"

"Mbili."

 Akasema zile sindano zinapelekwa kliniki palepale ng'ambo, kuna sanduku la njano mlangoni, hata mtoto analijua. Nikasema mimi sikulijua. Akasema ameona.

Halafu akanishika kiwiko, akaniangalia usoni.

"Sikiliza, mwanangu. Nikisema ni zangu, stika moja hainidhuru. Lakini kule watanipima mimi. Wakiniona safi, watamwacha huyu bwana aende bila kinga. Kwa hiyo nijibu vizuri. Mama mkwe wako ana ugonjwa gani?"

"Sukari."

"Sukari peke yake?"

"Sukari peke yake, mama. Naapa."

Nilikuwa nasema kweli. Nataka mlijue hilo, japo halinisaidii kitu. Nilikuwa nasema kweli yote niliyokuwa naijua.

Mkunga akavuta pumzi. Akasema anafanya hivi kwa ajili ya mguu wa yule mama, si kwa ajili yangu, na kwamba mimi na yeye tutaongea. Akatoka uani akamwambia msimamizi ni zake, mkunga hakosi sindano nyumbani, uzee umemfanya asahau. Msimamizi alishangaa hata akaomba radhi kwa kumbandikia. Stika ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, tena ameibandika kwa upole, kama anaweka plasta.

Wakaenda kliniki, yeye na Glavu, na msimamizi nyuma yao. Mimi nikabaki nakusanya sindano kwa koleo, moja moja, nikazirudisha chupani, kisha nikausugua ua mzima kwa maji na sabuni.

Nikapanda juu saa tatu na nusu nikiwa mwepesi. Ndiyo, mwepesi. Mtu akiponea chupuchupu hajui kuona haya papo hapo, haya inakuja baadaye. Mke wangu alikuwa anamsuka mama yake nywele, mama ameketi sakafuni kati ya magoti yake. Nikawasimulia kila kitu, mfuko, chupa, Glavu, mkunga. Nikasema tumepona, mama haendi popote. Nikasema mkunga ameniuliza kama mama ana sukari tu na nimemwapia.

Mikono ya mke wangu ikasimama kwenye nywele.

Nikauliza kuna nini.  Akamtazama mama yake utosini, kama anaomba ruhusa.

"Mwambie," mama mkwe akasema.

Mke wangu akawa hawezi. Akashika chanuo kwa mikono miwili, midomo inacheza. Basi mama akasema mwenyewe, bila kugeuka, anaongea na ukuta.

"Mwanangu, si sukari tu. Nina homa ya ini. Ile ya damu. Mwaka wa tatu huu."

Nikasikia, na sikusikia. Nikauliza mwaka wa tatu vipi, mimi niko wapi miaka mitatu. Mke wangu akaleta kadi ya kliniki iliyokuwa chini ya godoro. Kulikuwa na mhuri, tarehe, na maneno mawili yaliyopigiwa mstari. Hata mimi niliyeshindwa na tangazo la ukutani nilielewa.

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza mke wangu kwa nini alinificha, mimi mumewe, tunakula sahani moja.

"Kwa sababu ya kikombe," akasema.

Nikasema kikombe gani. Halafu nikakumbuka. Kule tulikotoka tulikuwa na mpangaji mwenzetu, mzee mpole, akaugua homa ya ini. Alikuja siku moja kunisalimia, mke wangu akampa chai. Alipoondoka nilikichukua kile kikombe, kikombe kizima kisicho na ufa, nikakitupa jalalani mbele ya wote. Nikasema siwezi kuishi nyumba moja na mtu wa hivyo hata wiki. Nilisema hivyo mbele ya mama mkwe. Naye alikuwa amepewa majibu yake mwezi huohuo.

"Ulisema hata wiki," mama akasema. Hakusema kwa ubaya. "Nikaogopa, mwanangu. Sina kwingine."

 Miaka mitatu kikombe cha mama kilikuwa kimewekwa alama ya uzi mshikioni na mimi nilidhani ni pambo. Walikuwa wananilinda, tena bila kunitukana hata siku moja.

Nikatoka. Sikumbuki kuvaa viatu, lakini nilipofika chini nilikuwa navyo. Kichwani nilikuwa na maneno ya mkunga, watamwacha aende bila kinga, leo leo, kesho ni kuchelewa. Bado ilikuwa asubuhi. Nikajiambia huenda hawajampima, huenda foleni ni ndefu, kliniki ile foleni yake huwa haitembei.

Sikuhitaji hata kuvuka barabara. Glavu alikuwa amerudi, ameketi kwenye kizingiti cha geti la jengo letu, kidole cha kati kimefungwa pamba. Toroli lake liko pembeni. Msimamizi ameketi kwenye kiti chake karibu naye, daftari mapajani, anamalizia kupiga mistari. Mkunga hakuwepo. Nikauliza, wakasema amepitia sokoni.

Glavu alikuwa anacheka. Nawaambia sijawahi kuona mtu anacheka vile, cheko la mtu aliyekuwa ameshaandika wosia. Akanihadithia bila kuulizwa. Wamempima mama wa namba tisa, majibu yametoka papo hapo, mwanamke safi kama maji. Daktari akasema basi, hakuna haja ya ile sindano ya kinga, aende zake kazini.

"Fundi, nilishaanza kufikiria nitamwambia nini mwenzangu," akasema. "Ana mimba ya miezi minane. Nilikuwa naogopa hata kurudi kumgusa."

Akasimama, akachukua glavu zake kwenye mkono wa toroli, akaanza kuzivaa. Ya kulia ilimsumbua kwa sababu ya pamba. Akasema anamaliza mtaa mmoja tu, halafu gari la kampuni linawachukua, wanahamishiwa upande wa pili wa mji mpaka Jumatatu.

Nikaangalia juu. Dirisha la namba kumi na nne lilikuwa wazi, na mama mkwe amesimama pale, kichwa kimesukwa upande mmoja tu. Alikuwa anatutazama.

Glavu akashika toroli lake. Ndipo akaniona vizuri.

"Mbona unahema hivyo? Unamtafuta nani?"

"Wewe," nikasema. "Nakutafuta wewe. Rudi kliniki sasa hivi."

Akaduwaa, mkono mmoja una glavu na mmoja hauna. Kabla hajasema neno, msimamizi akafunga daftari, akaweka penseli juu yake.

"Arudi kwa nini?" akaniuliza.